Ninatafuna Odowa, Mke Wangu Anatafuta Mwenye Mimba

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yangu haijabomoka. Mimi ni mwanamume wa hapa Litein, niko na duka ya hadiwea, nimeendesha lori mpaka Juba na Lubumbashi, nimekula nyama na maaskari wa mipaka yote, na ingawa shule niliiacha darasa la saba, hakuna mtu amewahi kunishinda kwa maneno. Nilikuwa mkubwa kwa mwili pia, shati yangu ingefunika pikipiki mvua ikinyesha, watu waliniita Treila na mimi nikacheka kuliko wao, lakini magoti yalikuwa yanalia na sukari inapanda, kwa hivyo mwaka juzi nikamwambia mke wangu, mama Shirley, naenda Kampala kuleta mzigo wa mabati, kumbe nimeingia hospitali Nairobi nikapunguzwa tumbo kwa operesheni, nikarudi na vidonda vidogo nikasema ni mabati yamenikwaruza.

Mwili ulipoanza kuisha, watu wakauliza siri ni gani. Sasa mshauri, mtu kama mimi ataulizwa siri akose jibu? Nikasema ni mbio. Wakaamini, na sasa wanaume wa kanisa letu hunifuata kila Jumamosi, tunakimbia tukikatiza mashamba ya majani chai mpaka kiwandani, mimi mbele, kocha.

Lakini siku hizi hata kilima cha kwanza kinanilemea. Moyo unapiga kama jenereta, kucha zimekuwa nyeupe, mikono baridi, ngazi ya duka napanda nikipumzika. Mtu wa kemisti akasema damu ni kidogo, akaniuzia tembe za chuma, nazimeza kila asubuhi na kikombe kikubwa cha chai nzito, na hakuna kitu imebadilika. Mbaya zaidi nimeshikwa na hamu ya odowa, yale mawe laini wanawake wajawazito hutafuna, mimi mwanamume mzima na ndevu! Nanunua sokoni kwa Janefer. Siku ya kwanza aliniuliza, "Baba Shirley, mama amebarikiwa tena?" Mimi na huu mdomo wangu nikajibu, "Sisi hatulali, mama!" Soko nzima ikacheka.

Juzi mama Shirley akaenda kununua sukuma, Janefer akampongeza na kumpapasa tumbo. Alirudi nyumbani bila sukuma. Akaniuliza polepole, "Kama si mimi niko na mimba, ni nani anakula odowa yako?" Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, hakuna kitu ilitoka. Sasa ako kwa mama yake huko Ndanai na watoto, na amesema nisikanyage huko bila huyo msichana niliyempa mimba. Mshauri, huyo msichana ni mimi! Nikisema ukweli wanaume wa Jumamosi watanicheka mpaka wasikike Sotik, nikinyamaza nimepoteza mwanamke aliyenipenda nikiwa Treila. Nifanye nini?

Baba Shirley (jina ya mtoto nimebadilisha), Litein

Baba Shirley, pole. Nimecheka, sikufichi, kisha nikaacha kucheka nilipofika kwa hizo kucha.

Ulipunguzwa tumbo halafu ukamtoroka daktari. Tumbo la operesheni halinyonyi madini kama lile la zamani, ndiyo maana watu huambiwa warudi kupimwa damu na wameze dawa walizoandikiwa maisha yao yote. Nina hakika uliambiwa, ukayaacha maneno Nairobi. Hiyo hamu ya odowa si wazimu. Mwili ukikosa chuma huanza kuomba vitu vya ajabu, na odowa yenyewe inaweza kukuzidishia shida, kwa hivyo iache.

Na chai, jamani! Sisi watu wa majani chai tunamezea chai kila kitu, hata dawa. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Unanunua tembe kisha unazifungia mlango. Meza na maji, chai ingoje saa mbili hivi. Lakini usidhani hapo umemaliza. Wiki hii rudi kwa daktari, useme operesheni ulifanyiwa. Mtu wa kemisti angejuaje na hukumwambia? Pengine tembe hazitoshi, utatundikiwa dripu ya chuma kwa mshipa. Mbio simamisha mpaka upimwe, na ukikosa pumzi ukiwa umeketi, usingoje wiki, nenda siku hiyo hiyo.

Wanaume wa Jumamosi waambie mwenyewe. Wacheke. Kati yao kuna mmoja anakufuata na kitambi chake kilekile, akidhani yeye ni mvivu. Huyo umemkosea kuliko unavyojua.

Mke wako usimtumie mjumbe wala simu. Unaogopa kuonekana mnyonge, na yeye anakaa huko akidhani ameletewa mke mwenza! Enda Ndanai. Tembe meza na maji kabla hujafika. Mama mkwe atakumiminia chai hata akiwa amekasirika, maana wewe bado ni mgeni wake. Usiishike. Sema, "Asante mama, nitakunywa baadaye, nimemeza dawa ya damu." Mama Shirley atauliza dawa ya nini. Hapo hakuna mzaha, Baba Shirley. Mwambie yote, umwombe muende pamoja kwa daktari. Na mama mkwe akishatoka kwenda jikoni, inua shati, umwonyeshe mke wako hayo mabati ya Kampala.