Kibanio Namba 52

KITUO CHA POLISI SÁRRÉV, HUNGARIA
MAELEZO YA PILI YA SHAHIDI

Jina: Vidács Endre (wenzake humwita Bandi)
Umri: Miaka 71
Kazi: Mstaafu, fundi seremala wa karakana ya meli
Makazi: Mtaa wa Mierebi namba 9, Sárrév
Tarehe na saa ya kuandikwa: Jumatatu, 21 Oktoba 2013, saa 3:15 asubuhi
Mwandishi: Sajini Szekeres Dalma

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Jana niliandikisha maelezo hapa nikasema kwamba Kökény Rezső, fundi bomba, ndiye aliyesababisha kifo cha rafiki yangu Halmos Gellért, kwa kuiingilia rimoti ya meli yake makusudi. Kwa maneno yangu hayo Rezső amelala mahabusu. Leo nasema maelezo yale si kweli. Jana sikujua kwamba si kweli. Afande, andika hivyo hivyo, usinipambie.

Marehemu Gellért alikuwa na miaka 74. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kupaka grisi kwenye injini ya meli ya moshi iitwayo Etelka, iliyokuwa ikipanda na kushuka Mto Danube kwa magurudumu mawili ya makasia ubavuni. Meli hiyo ilipochakaa ililetwa karakana kwetu kukatwa chuma chakavu. Mimi nilikuwemo kwenye kikosi cha kuikata. Gellért alikuja getini akasimama siku tatu anatutazama. Siku ya tatu nilimpelekea ukanda wa shaba nilioung'oa kwenye kifuniko cha gurudumu la kushoto. Urafiki wetu ulianzia hapo, nao una miaka arobaini na moja.

Miaka sita iliyopita Gellért alianza kuijenga Etelka upya, ndogo, kipimo cha moja kwa ishirini. Urefu wake ni mita tatu kasoro kidogo. Mimi nilimchongea mataruma, zile mbavu za meli, na sitaha, yeye akatengeneza magurudumu na mitambo. Kila gurudumu lina mota yake, kwa hiyo meli inaweza kugeuka papo hapo ilipo. Vibao vya gurudumu vinajipinda vyenyewe ili viingie majini vimesimama wima, kama ilivyokuwa kwenye meli yenyewe. Kazi ya vibao hivyo peke yake ilimla miezi kumi na minne. Ule ukanda wa shaba niliompa tuliuyeyusha tukatengenezea kengele na pete ya dohani.

Sasa nieleze habari ya vibanio, maana kesi yote iko hapo. Chama chetu cha meli ndogo kinatumia rimoti za zamani. Kila rimoti ina namba. Rimoti mbili zenye namba moja zikiwashwa pamoja, chombo kinasikiliza ile yenye nguvu zaidi, na mwenye chombo anabaki anabonyeza bure. Kwa hiyo ziwani tunasimamisha ubao wenye vibanio vya nguo, kimoja kwa kila namba. Ukitaka kuwasha, unachukua kibanio cha namba yako unakibana kwenye antena yako. Asiye na kibanio hawashi. Mimi ndiye mtunza ubao, mwaka wa kumi na nne sasa. Nimewahi kumfukuza mtu ziwani mwezi mzima kwa kuwasha bila kibanio. Mtu huyo alikuwa Rezső.

Mimi na Gellért namba yetu ni moja, 52. Rimoti zetu tulizinunua pamoja siku moja, na hatukuona haja ya kubadili, kwa sababu hatukuwahi kuendesha kwa wakati mmoja. Mmoja akiendesha, mwenzake anasimama pembeni anatazama na kutoa kasoro. Ndivyo tulivyopenda.

Mnamo tarehe 20 Oktoba 2013, siku ya Jumapili, majira ya saa 3:30 asubuhi, tulifika kwenye ziwa la kokoto lililo kusini mwa mji. Tulikuwa watu kama kumi na wawili. Kulikuwa na baridi, lakini hakukuwa na upepo. Nilisimamisha ubao. Gellért alichukua kibanio namba 52, akakibana kwenye antena yake, akaniambia, "Bandi, leo 52 ni yangu." Nikamjibu, "Chukua, bwana harusi." Alikuwa amenyoa na amevaa tai. Mke wake, Bori, alikuwa amempa vitumbua vya mafuta ya nguruwe kwenye kitambaa avigawe.

Kwetu chombo kipya kikishushwa, pombe kali ya aprikoti inapitishwa kwa wote, na kidogo kinamiminwa juu ya chombo. Mjenzi hanywi mpaka chombo chake kirudi nchi kavu. Kwa hiyo glasi ya Gellért niliijaza nikaiweka juu ya ubao imngoje.

Rezső alifika majira ya saa 4:00, akaketi kwenye kiti chake cha kukunja na rimoti yake mapajani, namba 58. Yeye na marehemu walikuwa hawaelewani tangu majira ya kuchipua, kwa sababu Rezső alidai Etelka ilikuwa na vibao kumi na viwili kwenye kila gurudumu, na Gellért alisema ni kumi na kimoja. Walirushiana maneno mbele ya chama, na Rezső alisema maneno niliyoyaandikisha jana, kwamba meli ikizama yeye atacheka. Ni kweli aliyasema. Lakini kila mtu kwenye chama huyasema maneno ya namna hiyo. Hata jana alimwambia, "Mzee, kwa vibao kumi na kimoja itaogelea kama bata kilema." Gellért akamjibu, "Wewe nenda kazibue vyoo vya watu." Watu wakacheka, na Rezső naye akacheka.

Saa 4:20 tuliishusha Etelka majini. Afande, mimi nimeona vyombo vingi. Sijaona kitu kizuri namna ile. Moshi ulitoka dohani, magurudumu yakaanza kupiga maji chap, chap, chap, na Gellért akaniambia, "Bandi, sikiliza. Ni yeye." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Hata Rezső aliinuka kitini akavua kofia.

Ilipofika kama saa 4:45 meli ilikuwa mita themanini kutoka ukingoni ikasimama. Ilionekana majani ya ziwani yamenasa kwenye gurudumu la kushoto. Gellért akatembea kufuata ukingo ili aione vizuri, akawa mbali nami hatua kama sitini.

Mimi nina tagi, boti ndogo ya kuvuta vyombo vilivyokwama. Kila Jumapili huwa naiweka majini karibu na miguu yangu, tayari. Chombo cha mtu kikikwama huwa siulizi wala siombwi, nawasha naenda kukivuta. Ni miaka kumi na minne nafanya hivyo. Kibanio sichukui, kwa sababu 52 ni yetu wawili na siku zote aliyekwama ni mtu mwingine, si Gellért. Yeye hakuwahi kukwama.

Nilivuta antena. Nikawasha. Hakuna aliyeniambia niwashe.

Nilisukuma mkono wa rimoti mbele. Tagi ikaondoka, na papo hapo Etelka ikatikisika, ikajinasua kwenye majani, ikaenda mbele kwa kasi yote. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilishangilia. Kisha nikamsikia Gellért anapiga kelele kule, "Siyo mimi! Jamani, siyo mimi!"

Chombo kikipagawa, sheria yetu ni kwamba mtunza ubao anapaza sauti na wote wanazima. Nilipaza sauti, "Zimeni wote!" Wote wakazima. Rezső aliinua rimoti yake juu akasema, "Yangu imezimwa, hii hapa, angalieni!" Nikamwambia, "Mwongo wewe!" Nilidhani ameibadili namba yake kisirisiri kuwa 52. Mimi sikuzima. Katika sheria hiyo boti ya uokoaji peke yake haizimwi, maana ndiyo inayotumwa kufuata. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe na imebandikwa nyuma ya ubao. Mtaikuta.

Etelka ilikuwa inaelekea kwenye gati la zege la zamani, upande ule ilikopakiwa kokoto. Kama ingegonga pale ingevunjika vipande. Mimi nilizungusha tagi kushoto kuiwahi, na Etelka nayo ikakata kushoto. Niliona. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, nikasema moyoni kwamba Rezső anatuchezea wote wawili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Rimoti ilikuwa imening'inia kifuani kwangu.

Gellért aliweka rimoti yake kwenye nyasi taratibu, kama mtu anayeweka yai. Hakuvua viatu. Akaingia majini. Pale ukingo ni hatua tatu tu, kisha kokoto imechimbwa na chini hakuna kitu. Nilimwita, "Gellért, acha! Acha, mzee, ni mbao tu hizo!" Sidhani alinisikia.

Nikavuta mkono wa rimoti nyuma nirudishe tagi ili nimkimbilie. Etelka ikasimama, ikaanza kurudi nyuma, ikaja kuelekea kwake. Yeye maji yalikuwa kidevuni. Aliinua mkono akaniita, "Bandi, inarudi!" Alikuwa na furaha, afande. Akapiga mbizi moja ya kuifuata. Hakuibuka.

Rezső ndiye aliyejirusha, na nguo zake zote. Mimi niliingia mpaka kifuani nikashindwa kupumua kwa baridi. Rezső alizama mara ya kwanza akatoka mikono mitupu, mara ya pili akamtoa. Alimlaza kwenye nyasi akamkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika saa 5:15. Daktari alitamka saa 5:40 kwamba amefariki. Rezső alikuwa bado amepiga magoti, meno yanagongana. Mimi nikamwendea nikampiga ngumi ya uso mbele ya watu wote, nikasema, "Umecheka sasa?" Hakunirudishia. Aliniambia tu, "Mzee, naapa ilikuwa imezimwa." Askari walipofika, mimi ndiye niliyemnyooshea kidole.

Etelka ilikuja yenyewe ukingoni, nzima, haina hata mkwaruzo. Bori alipoletwa aliitazama akasema, "Iondoe, Bandi. Sitaki kuiona." Niliipakia kwenye gari langu pamoja na tagi, nikaiweka gereji kwangu nikaifunika blanketi. Hakuna aliyekumbuka kuzima swichi yake ya ndani.

Leo tarehe 21 Oktoba, saa 1:10 asubuhi, niliingia gereji. Sikuwa nimelala. Nilitaka mikono yangu iwe na kazi, nikaona niikague tagi kama imeingia maji. Nikawasha rimoti yangu, nikasukuma mkono mbele kidogo.

Chini ya blanketi magurudumu yakaanza kuzunguka.

Mwanzoni nilidhani ni panya. Niliuachia mkono wa rimoti, yakanyamaza. Nikausukuma tena. Blanketi likavutwa, likaanguka sakafuni, na Etelka ilikuwa inapiga hewa chap, chap, chap juu ya meza yangu. Nilivuta nyuma, yakazunguka nyuma. Kushoto, kushoto. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikutaka kuamini. Mara ya tatu nikakaa chini kwenye vumbi la mbao, na sijui nilikaa muda gani.

Rezső hakufanya kitu. Andika kwa herufi kubwa kama inaruhusiwa. Kibanio 52 kiko kwenye antena ya Gellért, nanyi mnayo hapo kwenye mfuko wa vielelezo. Yeye alikuwa na haki ya kuwasha. Mimi sikuwa nayo. Yeye alitii sheria, na mimi mtunza sheria ndiye niliyewasha. Angekuwa mtu mwingine yeyote amekwama, tagi yangu ingemsaidia. Aliyekwama alikuwa yeye.

Umeniuliza kama nilikuwa na ugomvi na marehemu. Sikuwa nao. Umeniuliza nilikuwa nataka nini nilipowasha. Nilitaka kumwondolea majani kwenye gurudumu.

Bori hajui. Bado anaamini ni Rezső, na jana jioni alinishika mkono akanishukuru kwa kumsemea mumewe. Ninapotoka hapa nakwenda kwake kabla hajasikia kwa mwingine. Sijui nitaanzia wapi. Glasi ya Gellért ilibaki juu ya ubao imejaa. Sikuimwaga.

Nimesomewa haya yote kwa sauti na ni yangu, neno kwa neno, sina la kupunguza.

Sahihi: Vidács Endre

MAELEZO YA OFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Szekeres Dalma, na kumsomea shahidi, akayakubali. Alisimama mara mbili kunywa maji. Saa 5:00 asubuhi, gereji kwa shahidi, nilijaribu rimoti yake mbele ya fundi wetu. Meli iliitii. Shahidi ameambiwa asitoke nje ya mji mpaka mwendesha mashtaka aamue.

Kökény Rezső ameachiwa saa 7:10 mchana. Jicho lake la kushoto lilikuwa bado limevimba. Nilipomwambia sababu aliuliza shahidi yuko wapi. Nikamwambia yuko kwenye benchi la nje, mikono inamtetemeka, anasema anakwenda kwa mjane. Akasema, "Kwa mikono ile ataendeshaje gari?" Akatoka akamwomba shahidi funguo za gari. Wameondoka pamoja.