Niliondoka Polepole, Dokta Hakuniita

Mpendwa Shangazi Blandina,

Shikamoo. Naomba msaada wako haraka maana mwanao nazama huku watu wananicheka, na jina langu litoe tu gazetini, darasa zima linanijua. Mimi ni mtoto wa Kariakoo, baba yangu Mzee Melkiori anauza vyombo kwa jumla Mtaa wa Kongo, nimekulia juu ya makatoni ya chupa za chai, na sasa niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa mjini, ambako tuna somo la Nadharia za Maendeleo, tunakaa duara tunajadiliana, na alama arobaini kati ya mia ni za kuchangia mjadala. Shangazi, niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, nikasema hapa nimefika nyumbani, kuongea ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Basi mada ya kwanza ikawa haya mambo ya soko huria, maana siku hizi kila kitu ruksa, nikaanza kama tunavyoanza dukani, juu kabisa, nikasema serikali ifungwe yote, kila kitu waachiwe wafanyabiashara. Mwenzangu mmoja, Eliasi, akaruka, "Na hospitali je?" Nikaona huyu mteja mgumu, nikasema haya basi, ifungwe nusu, akauliza na shule, nikashuka mpaka robo, akainamia daftari lake, nikajua biashara imekwisha, nikampa mkono. Darasa likaangua kicheko, nami nikadhani wamefurahi. Nimefanya hivyo muhula mzima, kila mada, sikukosa kipindi hata kimoja, wala hakuna aliyeongea kunizidi.

Juzi alama za mjadala za hadi sasa zikabandikwa: kumi na moja kati ya arobaini! Nikaenda ofisini kwa Dokta Candida, anayetufundisha, nikamwambia kwa heshima zote, "Dokta, niwekee thelathini na nane." Akanitazama. "Haya, thelathini." Akavua miwani. "Ishirini na tano tumalizane, Dokta, mimi mteja wako wa kila siku." Akasema nitoke kabla hajaweka kumi. Nami nikafanya anachofanya kila mtu akinyimwa bei, nikasema basi naenda zangu, nikaanza kuondoka polepole ili aniite. Nilipunguza mwendo koridoni, nikasimama kwenye ngazi nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikatoka getini, nikafika kituoni Posta. Shangazi, hakuniita!

Na kinachoniuma si hicho tu. Kuna dada mmoja darasani, Mansi, baba yake ana duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Wiki iliyopita aliniuliza mbele ya watu, "Tarsis, kwani wewe bei yako ya mwisho ni ipi? Unaamini nini?" Nilitafuta cha kumjibu nikakosa. Mimi, nikakosa! Sasa Alhamisi ijayo ndiyo mjadala wa kufunga, nisipoinua alama pale narudia mwaka, na baba ameapa nikirudia ananitoa chuo, nabaki dukani moja kwa moja. Nifanyeje?

Tarsis, Kariakoo

Marahaba, mwanangu.

Nimecheka mpaka chai imenipalia, samahani, halafu nikakuonea huruma, halafu nikakasirika. Tuanze na hasira.

Alama si sufuria! Hivi mtu na akili zako unaingiaje ofisini kwa mwalimu ukamtajia bei? Shukuru Mungu alivua miwani, hakuvua kiatu. Na barua yote hii ndefu, sijaona mahali ulipofungua kitabu. Eliasi alikuuliza habari za hospitali kwa sababu alitaka kujua, wewe ukamfanya mteja wa kumalizana naye. Debe tupu haliishi kuvuma, na wewe mtoto wa muuza vyombo ulipaswa kulijua hilo kabla yetu sote.

Lakini hebu niambie. Mteja akisema chupa zenu hazitunzi moto, Mzee Melkiori anashusha bei? Thubutu! Anamimina maji ya moto, anafunga, anamwambia zunguka sokoni, rudi adhuhuri, uyaguse mwenyewe. Hicho ndicho Dokta Candida anachotaka. Sema jambo, toa ushahidi uliousoma, halafu mwache mwenzako aguse. Akikuta limepoa, kubali mbele ya watu na useme limepoa kwa nini.

Kwa hiyo leo hii kaa chini usome sura zote za mada ya Alhamisi. Tafuta jambo moja, moja tu, unaloliamini, ambalo hata Eliasi akiruka mpaka darini hulishushi bila sababu. Kisha kamwombe Mansi alijaribu kabla ya siku, maana binti huyo amekuuliza swali la maana kuliko yote uliyoniandikia hapa. Na usimpe mkono mpaka amalize kuuliza.

Halafu urudi kwa Dokta ukamwombe radhi, bila kutaja namba yoyote. Muuzaji humwita mteja anayeondoka kwa sababu anamhitaji. Hapa mwenye shida ni wewe, mwanangu, na Dokta hatakuita hata ukivuka Feri ukafika Kigamboni. Geuka mwenyewe.