Bukari ya ku Munara

Jambo Papa! Huku Italia, mu muji mudogo juu ya kilima, byote ni majiwe ya zamani na miye siwezi kukaa, bisi yetu inangojea chini. Uliniambia niguse kengele ya shaba ya munara, sababu weye ulipika shaba ku kiwanda ya Shituru maisha yote. Mama muzee mwenye kuchunga lufungulo ya munara alikuwa anakula bukari ya bunga ya mahindi ya manjano na fursheti, hapana na mukono!

"Mama, bisi inaenda!"

Akajibu na Français kidogo: "Kula kwanza."

Nikaacha fursheti alinipa, nikafinya tonge na mukono.

"Ni polenta!" mama akashangaa.

"Ni bukari, Mama!"

Akacheka, akafinya pia. Njo akanipa lufungulo, nikapanda munara mbio, nikagusa kengele. Bisi ilishaniacha, Papa, lakini mukono yangu ni kijani ya kutu yake. Sitanawa mpaka nirudi, nikupe mukono, nikulamukie nayo.

Mutoto wako, Jeannot