Nimemfokea baba yako uwanjani

Ishbel, kabla hajakupigia simu huko Glasgow, sikia kwangu kwanza. Nimemfokea baba yako.

Leo kwenye mashindano ya klabu ya gofu tulicheza wawili kwa mpira mmoja, yeye anapiga, kisha mimi. Unakumbuka nilivyokusimulia lile pigo lake la Jumamosi, mpira ukatua kando ya shimo nikaruka kama mtoto? Leo, shimo lilelile, fimbo ileile, kaupeleka kwenye miiba.

Nikamwambia, "Mzee, Jumamosi uliweza. Leo mikono umeiacha nyumbani?"

Mbele ya watu, Ishbel. Mzee Fergus, aliyenifundisha kushika fimbo.

Akaingia miibani akautafuta mpaka akauona. Zamu yangu ikafika, nikautumbukiza kwenye kijito.

Nikangoja na mimi nifokewe.

Akasema tu, "Usijali, binti yangu. Pigo kama lile la Jumamosi ndiyo mara ya kwanza kulipata maishani. Nilidhani unajua, ndiyo maana ukaruka vile."

Mikono umeiacha nyumbani. Mimi nimesema hivyo.

Sasa yuko ndani ya mgahawa wa klabu, kaagiza supu mbili za dengu. Mimi nimejificha garini, namwona dirishani. Yake hajaigusa. Ananisubiri.