Majivu ya Moto Kwenye Kabichi za Madhabahu

Baba Magreth,

Chai iko kwenye chupa, ndizi pasha mwenyewe. ~~Kabichi za mapambo zipulizie maji ya sabuni.~~ Usizipulizie kitu, ziache tu.

Najua ulitaka kunisaidia na wale nzi weupe. Mama yako kule Akheri anamwagia mboga majivu, lakini yake huwa yamepoa! Wewe leo asubuhi umeyachota jikoni yangali na moto. Majani yote ya zambarau yameungua. Nzi wenyewe wazima, wamehamia kwenye sukuma wiki.

Naenda kuwaambia akina mama wa kanisani kwamba kwa zamu yangu ya kupamba sina hata jani. Jumapili Magreth atapata kipaimara mbele ya madhabahu tupu.

Bado amelala. Akiamka, mwambie wewe.

Mama Magreth