Kompyuta Uliyoifuta

Baba Precious,

Ugali na sato viko kwenye hotipoti. Ndama hajanywa maji. Nimekwenda Kasoli kumaliza matanga ya baba, ~~nitarudi jioni~~ nitarudi nikijisikia.

Alfajiri nimewasha kompyuta niprinti wasifu wa baba. Haupo! Umeondoa Windows, ukaweka hiyo programu ya bure ya Linux uliyopewa kwenye semina Mwanza, ukafuta kila kitu, halafu ukalala fofofo. Eti haina virusi. Virusi vyenyewe ni wewe.

Nilipokuamsha ukasema, "Si utaandika tena?" Ukageukia ukutani.

Basi nimeandika tena, humo humo kwenye Linux yako, na printa uliyodai haikubaliani nayo imekubali. Wewe wiki nzima unawahubiria walimu wenzako habari za Linux, kumbe hata kuprinti hujui!

Nimeweka neno la siri. Ni jina la Kisukuma alilopewa baba siku aliyozaliwa. Lilikuwa mstari wa kwanza kabisa wa wasifu, ule niliokuomba mara tatu uusome. Miaka kumi na miwili umemwita baba mkwe tu.

Haya, fungua.

Mama Precious