Tenki Langu Kubwa Kuliko la Madale

Jumatano, 3 Desemba

Uji nimekunywa, uwanja nimefagia, muuza maji nimemgombeza, ndoo zake zina utelezi. Halafu Hamisi mwanangu kapiga simu. Shule zimefungwa, Nasra kapelekwa Madale kwa bibi yake mzaa mama. Likizo zote mtoto huyu alikuwa wangu, hapa Temeke. Nikauliza kulikoni.

"Mama, kule wana tenki la samaki."

Samaki! Wa kutazama, si wa kula.

Wivu umenishika. Naandika hivyo hivyo, hakuna anayesoma.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimekwenda Madale. Nimesema nakuja kusalimia. Uongo, nilikwenda kuona.

Tenki liko sebuleni, lina taa, lina majani ya kweli. Samaki wadogo, mikia kama shela ya bibi harusi. Nasra kanipa shikamoo bila kugeuza shingo.

Mkwe, huyo bibi yake mzaa mama, kanieleza nisiyomuuliza. Maji ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo wazi, ile dawa itoke. Chakula kiasi cha vidole viwili tu, kinachobaki kinaoza. Ukibadilisha maji toa robo, usimwage yote. Cha kupashia maji moto hana, joto la Dar linatosha. Kasema polepole kama niko darasa la kwanza. Alikuwa mwalimu. Kastaafu shule, mdomo bado.

Chai yake ina tangawizi nyingi mno.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimenunua tenki, Sinza. Kubwa kuliko la Madale. Lile nililipima kwa shubiri mkwe alipoingia jikoni.

Mwenye duka kaniambia nijaze maji, pampu ifanye kazi wiki kadhaa, ndipo samaki waingie. Wiki kadhaa likizo imekwisha! Nikamwambia, baba, nimelea watoto sita, nipe samaki. Kanipa saba, majani kidogo, na sponji chafu kutoka tenki lake mwenyewe. Eti uchafu ule ndio unaokula sumu ya samaki, nisiuoshe. Mie, nikae na uchafu sebuleni kwangu. Nimeutia, lakini moyo haukutaka.

Pampu ni kidude kidogo kama redio. Kinakaa nje, kinavuta hewa ya chumbani, kinaipuliza majini kwa mpira. Kinanguruma kutwa.

Jumatatu, 8 Desemba

Maji yamefanya weupe kidogo. Nimetoa robo, nimetia yaliyolala. Ndiyo, kama alivyosema yule. Sitamwambia.

Jirani Mwajuma kaja kuchungulia. "Shoga, hawa mpaka wajae sufuria utazeeka mara ya pili." Nimemfukuza.

Mchana nikapiga Madale. Nasra kapokea mwenyewe.

"Bibi, kweli unao? Wanaitwa nani?"

Majina tena. Nikamwambia wanakungoja wewe uwape.

Atakuja Ijumaa, ajaribu. Akipapenda atakaa mpaka shule zifunguliwe. Asipopapenda, Jumapili anarudi Madale. Usingizi sina hamu nao.

Ijumaa, 12 Desemba

Siku mbaya.

Shuka jipya nilitandika. Mapazia nilifua. Udi nafukiza kila Ijumaa, leo nikaongeza na ubani, mtoto aingie ajue kaja kwa watu. Nikafunga madirisha harufu ikolee. Chetezo nikakiweka chini ya meza ya tenki, karibu kabisa na pampu.

Samaki wakapanda juu wote, midomo wazi. Nikafikiri wamefurahia harufu. Nikasema hata wao wanajua vizuri.

Nasra kaingia, kaona, kapiga ukelele. Hakuniuliza mie. Kampigia Bibi Madale, simu ya picha. Uso wa mkwe umejaa kioo kizima, ndani ya nyumba yangu.

"Mkwe, zima pampu! Inavuta moshi, inawatilia majini!"

Nikazima. Chetezo nje. Madirisha wazi. Kasema nilaze karatasi nyeupe juu ya maji niinyanyue taratibu, ibebe mafuta ya moshi. Nikafanya tena na tena. Robo ya maji nje, maji yaliyolala ndani. Moshi ulipokwisha chumbani, ndipo pampu ikawashwa. Kanga imelowa mpaka kiunoni.

Watatu wamekufa.

Nilitaka mkwe acheke nimchukie vizuri. Hakucheka. Kauliza tu, "Ulimfukizia mtoto?" Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 13 Desemba

Wanne wazima, wameshuka chini wanaogelea. Nasra kawazika wale watatu chini ya mpapai, kalia, chapati kaiacha. Begi lake hajalifungua. Nimeliona. Nimepita mbele yake mara nyingi kama sijaliona.

Mkwe kapiga asubuhi. Nasra akamwuliza, "Bibi, kesho nije?"

Nilikuwa na mchele kwenye ungo. Nikaacha kupepeta.

"Usije, mama. Hao wanne wameshtuka, wanataka mtu wa kuwaangalia. Kaa kwa bibi yako mpaka shule zifunguliwe."

Kanipa mjukuu wangu mwenyewe kama sadaka. Imenichoma kuliko kama angemchukua. Mwanamke yule ana roho nzuri, na hilo nalo namwonea wivu.

Nimepokea. Asante sikusema. Nitasema, lakini si leo.

Jumapili, 14 Desemba

Nasra kafungua begi. Kawapa majina, mawili nimeshayasahau.

Alasiri nimemsuka. Mie kwenye kigoda, yeye kwenye mkeka katikati ya magoti yangu, uso wake kwenye tenki. Ananieleza huyu mchoyo, huyu mwoga, huyu anapenda kujificha kwenye majani. Macho yote kwa samaki. Kichwa mikononi mwangu.

Mstari wa mwisho ukaisha. Nikaufumua. Nimemwambia umepinda.